Bomba Jipya kwenye Pikipiki ya Baba Yako

Sakina wangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamwachi mtu atoke kwake bila kula. Kwa hiyo nina nafasi mpaka karibu na magharibi. Nimekaa kwenye baraza ya nyuma, pikipiki yako imesimama mbele yangu imekwisha fungwa mizigo, na mume wangu amekwenda msikitini. Nimeandika "mume wangu" nikasimamisha kalamu, nikacheka peke yangu. Unisamehe. Bado sijazoea, na sina haraka ya kuzoea.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji na kulala ndani ya chandarua. Muuguzi ni wewe. Wewe ndiye utakayewaambia watu wa Wamaza, huko ulikoitwa kazini, mambo hayo. Nataka kuandika habari za bomba la moshi, na za mimi na wewe na huyu mume wangu, Musafiri. Wiki hizi kila nilipoanza kulitaja jina lake ulikumbuka kwamba una nguo za kufua. Barua utaisoma kule ukiwa umekaa, nguo zikiwa zimekauka.

Nianze na kovu langu. Unalijua, lile jeusi kwenye shavu la mguu wa kulia. Wanawake wengi wa njia hizi wanalo, na tukikutana mtoni tunaonyeshana kama watu wa kabila moja. Lakini sijawahi kukusimulia vizuri langu lilivyopatikana.

Nilikuwa sijakuzaa. Mimi na baba yako tulikuwa tunarudi kutoka Lusangi, kwenye matanga, na mvua ilikuwa imeipiga njia mpaka ikawa uji. Pikipiki ikalala upande. Baba yako akaniambia, "Shuka," nami nikashuka upande wa bomba, kitenge nimekipandisha juu kwa sababu ya matope. Sikupiga kelele. Nilisikia tu harufu, nikajiuliza nani anachoma nyama porini. Baba yako alinibeba mpaka kwenye kijito, akanimwagia maji muda mrefu, hakusema neno. Wala njiani hakusema. Wala nyumbani. Nikaenda kulala nikiwa na hasira kwamba mwanaume huyu hajui hata kusema pole.

Asubuhi nikasikia nyundo. Alikuwa amechukua kifuniko cha sufuria yangu kubwa, ile niliyopewa siku ya arusi yetu, anakipiga juu ya jiwe ili kikunjike. Akakikata, akakitoboa matundu kwa msumari, akakifunga juu ya bomba, kikawa kama ngao kati ya chuma cha moto na mguu wa mtu. Unajua nilifanya nini? Nilimgombeza. Nilimwambia, "Sasa wali nitaufunika na nini?" Nikaufunika kwa majani ya mgomba msimu mzima, na kila aliponyoosha mkono kwenye sahani nilimkumbusha kifuniko. Nilikuwa msichana niliyetoka sekondari, nilitaka kuambiwa maneno. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba nilikuwa nimeambiwa.

Kifuniko hicho umekua ukikiona. Ulikuwa unakisugua kwa mchanga siku za Ijumaa baba yako alipokufundisha kuendesha, na wazee wakapita wakisema Ramazani amekosa watoto wa kiume mpaka amechanganyikiwa. Alipofariki, pikipiki ikawa yako bila mtu yeyote kutamka. Hata ndugu zake hawakuiomba. Walijua.

Sasa habari za Musafiri. Uvumilie kidogo, hapa nitasema sana.

Wewe ulimwona kwanza siku aliyokuja kuposa mbele ya wazee, mimi na yeye tukiwa tumekwisha patana, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Mimi nilikuwa nimemwona zamani, alipokuwa akileta karanga kutoka mashamba ya Lusangi. Wauzaji wengine wanamwaga gunia na kuanza kubishana bei. Yeye alikuwa anakaa, anamenya chache, ananipa kiganjani, kisha anauliza swali. Swali la kweli, halafu anasubiri jibu. Aliniuliza nilisoma nini sekondari. Aliniuliza kwa nini nimepanda mchaichai upande ule na si upande huu. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu chochote tangu baba yako aondoke, isipokuwa kama kuna chumvi. Ananiita Zaina, jina zima, polepole, kama mtu anayeonja chai ya moto. Nikisikia kikohozi chake barabarani mikono yangu inasahau ilikuwa inafanya nini. Umri wangu unaujua, hesabu mwenyewe, halafu ucheke. Mimi nimecheka sana.

Alihamia kwetu, hakunipeleka kwake, na mji wote ukaongea. Mama Feza, jirani yetu wa upande wa kisima, alisimama kwenye ua akauliza, "Zaina, sasa nani ameolewa hapa? Ni wewe ao ni yeye?" Nikamjibu, "Ni yeye. Na mahari nimemlipa kwa wali." Wewe ulikuwa ndani. Hukucheka.

Sikulaumu. Hukumkosea adabu hata siku moja. Ulimsalimu, ulimpa maji ya kunawa, ulimwita Mzee Musafiri kwa sauti ile unayoitumia na wagonjwa wasiotaka sindano. Kitu kimoja tu ulikiweka wazi: pikipiki asiiguse. Hata alipotaka kuisogeza siku ya mvua ulitoka ukaisogeza mwenyewe.

Lakini bomba lilikuwa limekufa, Sakina. Ulijua kuliko sisi. Lilipasuka shingoni, pale linapoingia kwenye injini, ukaliziba kwa bati la kopo, waya na udongo wa kichuguu, kama tunavyofanya wote. Udongo ulikauka, ukapasuka, moshi ukawa unatoka pembeni na kupuliza kwenye mguu wa mtu. Musafiri aliusikia mlio kutoka jikoni akaniambia, "Bibi yangu, ile bomba inatoka roho. Akienda nayo kwenye milima ya kule, injini itaungua. Na wamama atakaowabeba, miguu yao?"

Nilijua atasema hivyo. Ndiyo kazi uliyoitiwa kule: mwanamke ameshikwa na uchungu kijijini, anakuja muuguzi na pikipiki. Bila pikipiki nzima utakuwa unasubiri kwenye kituo, ukisikia habari zao wakati zimekwisha kuwa habari.

Akatafuta bomba jipya. Alilileta limefungwa ndani ya kitenge, akaliweka kitandani petu kama mtu anayelaza mtoto. Nilivyofurahi siwezi kueleza. Niliona picha nzima: tutalifunga wakati haupo, utarudi, utaona, utamshukuru, tutakula pamoja. Picha ilikuwa nzuri sana hata nikasahau kukuuliza.

Siku ile ulipokwenda hospitali kuwaaga wenzako, nikamwambia, "Tulitoe sasa."

Akauliza, "Sakina amekubali?"

Nikasema, "Amekubali."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Akatandika mkeka uani, akatoa spana zake, akaniketisha upande wa pili nishike bomba lisianguke. Nilipewa brashi ya waya nisafishe nati. Hina ya arusi ilikuwa bado kwenye vidole, masizi yakaingia juu yake. Mama Feza akachungulia. "Bibi arusi, mikono yako imepatwa na nini?"

"Napakwa hina ya pili."

"Nani anakupaka?"

"Si unamwona huyu?"

Musafiri akainamisha kichwa kwenye injini. Nakwambia mwanangu, sijawahi kuwa na asubuhi kama ile. Tulikuwa tunapumua karibu, yeye anasema "shikilia hapo," mimi nashikilia hapo. Katika ndoa yangu ya kwanza sikushika hata spana. Nilikuwa napita na chai.

Nati ya kwanza ya shingoni ilitoka. Ya pili ilikataa. Musafiri akaidondoshea mafuta ya taa, akaigonga kidogo pembeni, akasema tuiache inywe, tutarudi baada ya adhuhuri. Huo ndio utaratibu. Nati iliyopikwa na moto kwa miaka haiamshwi kwa nguvu. Lakini mimi nilikuwa nakuwaza wewe njiani unarudi, picha yangu inaharibika. Nikasema, "Nipe mimi." Nikaishika spana kwa mikono miwili, nikaivuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani, nikasikia "tak".

Haikuwa nati iliyozunguka. Ilikuwa bolti yenyewe iliyokatika, imebaki kipande kidogo kwenye kichwa cha injini, hakijatokeza hata nusu ya ukucha.

Nilimtazama Musafiri nikisubiri. Baba yako, Mungu amrehemu, angeingia ndani bila neno. Mimi mwenyewe ningepiga kelele. Yeye alichukua spana mkononi mwangu, akaiweka chini, akasema, "Basi. Tukunywe chai kwanza." Nikampenda upya pale pale, na nilikuwa naogopa, vyote kwa pamoja.

Ndipo ukaingia.

Nakumbuka ulivyosimama. Begi begani, mkono mmoja bado kwenye lango. Ukaangalia injini iliyo wazi, bomba la baba yako lililolala juu ya mkeka, kile kipande cha bolti.

"Mama, iko nini hapa?"

Ukamgeukia yeye. "Mzee Musafiri, nani amekupa ruhusa?"

Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Mama yako aliniambia umekubali."

Hakusema kwa kunishitaki. Alikuwa anajibu swali, kama kawaida yake. Lakini ukanitazama mimi, na nikajua kwamba nimewaweka nyinyi wawili kwenye shimo moja na mimi nimesimama juu na brashi mkononi.

"Mama, nilikubali lini?"

"Nilifikiri ungekubali."

Ukasema, "Hiyo si pikipiki ya arusi yenu." Ukaingia ndani. Na jioni ukaniambia, kwa utulivu, huku unapanga madawa yako, kwamba utakwenda Wamaza umebebwa na mtu mwingine, na pikipiki ibaki. "Muifanye munavyotaka."

Mwanangu, kelele ningeweza kuzivumilia. Ule utulivu ulinitoa usingizi. Niliona utakavyoondoka: utanibusu, utamsalimu, utapanda nyuma ya kijana wa watu, na kutoka siku ile nyumba hii itakuwa mahali unapopita kwa heshima tu. Na wanawake wa kule wangekusubiri kwenye mikeka yao ukiwa huna cha kupanda, kwa sababu mama yako alitaka kukushangaza.

Kesho yake Musafiri hakuigusa injini. Alikaa karibu na bomba la zamani, anakifungua kile kifuniko, anakisugua kwa majivu na mchanga. Nikaenda kumwambia aache, nikasema lile jipya limekuja na ngao yake, hili la zamani tumpe mhunzi atengeneze majembe.

Akakigeuza kwenye mwanga. "Hii kitu, nani aliipiga?"

Nikamsimulia. Njia ya Lusangi, kijito, nyundo, wali chini ya majani ya mgomba. Musafiri alikuwa ameliona kovu langu tangu siku za kwanza, lakini hakuwa ameuliza, na yeye ni mtu wa kuuliza. Nadhani alikuwa ananingoja. Nilipomaliza akapitisha kidole kwenye matundu ya msumari.

"Basi haitupwi," akasema. "Itakaa kwenye bomba mupya."

"Nimekuambia jipya lina lake."

"Lake iko ya kiwanda. Hii iko ya mutu aliyependa bibi yake."

Dirisha lako lilikuwa wazi, ulikuwa unapiga pasi. Nilisikia pasi ikisimama. Halafu ukatoka na kanga mabegani, ukasimama juu yetu, na neno lako la kwanza kwake tangu jana yake halikuwa salamu. Ulisema, "Matundu hayatalingana."

Akasema, "Tutatoboa mengine."

"Utaipasua. Bati limechoka pale pembeni. Lete."

"Kwa hiyo tutoboe wapi?"

"Katikati, ndani ya hii mistari. Na si kwa nyundo kubwa hiyo, Mzee. Unataka kuua nyoka?"

Akakupa. Mlibishana kuhusu matundu manne mpaka jua likahama kwenye mkeka. Mimi nilinyamaza. Utasema si kitu, lakini unanijua. Nilikuwa na maneno ya kujaza gunia, nikayakalia.

Kile kipande cha bolti mlikitoa pamoja, na hapo sikuwa na kazi isipokuwa kushika taa ya simu. Ulichukua tupa ndogo ukakichonga pande mbili ziwe bapa, polepole, kwa mkono ule ule unaotafuta mshipa wa mtoto mchanga. Yeye anadondosha mafuta, wewe unachonga. Mkakishika kwa koleo, mkakizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, mkakiacha kinywe, mkarudi. Hakuna aliyevuta. Kilipoanza kutoka, Musafiri alisema, "Mutoto, hapo hapo," na wewe hukumwambia kwamba si mtoto wake. Ukasema, "Naona."

Akatafuta bolti inayolingana kwenye kopo lake la vyuma vya zamani. Tukafunga bomba jipya, tukapiga mateke, injini ikawaka, na badala ya mlio mzuri tukasikia "pa, pa, pa" kama mtu anayepiga makofi ya dharau. Ukapeleka kiganja karibu na shingo, ukasikia pumzi inatoka.

"Mulitoa pete ya zamani?"

Tukatazamana, mimi na mume wangu, kama wanafunzi wawili waliosahau daftari. Ile pete ya kuziba moshi ilikuwa imeungua mpaka imekuwa na rangi moja na injini, tukadhani ni sehemu ya injini, tukaweka mpya juu yake. Musafiri akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi mukubwa," ukamwambia. "Nikifika Wamaza nitawaambia watu wakuletee pikipiki zao, wapate kutembea kwa miguu." Akacheka zaidi. Na wewe ukageuka upande wa ukuta, ila mabega yalikuwa yanatikisika, niliyaona.

Mara ya pili tulifanya kama ulivyotuagiza. Injini ipoe. Pete ya zamani itolewe kwa ncha ya bisibisi, pasafishwe. Pete mpya ipakwe grisi kidogo isidondoke. Bomba lining'inizwe kwanza, bolti ya nyuma iingie bila kukazwa, nati za mbele zizungushwe kwa vidole tu. Kila kitu kiwe legelege mpaka bomba lenyewe lipate mahali pake. Ndipo ukaze mbele, huku kidogo, kule kidogo, na mwisho nyuma. Ukikaza upande mmoja kwanza, ulisema, bomba linakaa limejipinda, na litapasuka pale pale lilipopasuka la zamani.

Hujaolewa na sitaki kukufundisha ndoa kwa spana. Nasema habari zangu. Mimi nilikaza upande mmoja kwanza. Nilikuambia kwamba naolewa wakati nguo zimekwisha shonwa na wapishi wamekwisha ambiwa. Nilikuambia nikiwa nimesimama mlangoni, nikitabasamu, kama mtu anayetangaza kwamba wageni watakuja. Ulisema, "Vizuri, mama," nikaenda zangu kuonja pilau. Nilikuwa na furaha nyingi nikaogopa kwamba mtu akiigusa itamwagika, hata mtu huyo akiwa wewe. Kama ningekuja mapema, mambo yakiwa bado legelege, ungepata mahali pa kukaa. Pengine ungesema mambo ambayo sikutaka kuyasikia. Ningeyasikia, na bado ningeolewa.

Furaha haikunifanya mbaya, Sakina, ila ilinipa haraka, na haraka ilinifanya niseme "amekubali" juu ya mtu ambaye hajaulizwa. Huzuni nilikuwa naijua vizuri, naweza kukaa nayo nyumba moja. Furaha ndiyo iliyonikuta sina uzoefu. Siku yako ikifika, iwe ya mume au ya kazi au ya kitu nisichokijua, sitakuambia usifurahi sana. Furahi mpaka Mama Feza achungulie. Lakini mpe nafasi mtu aliye karibu nawe aje kwa mwendo wake.

Na jambo jingine, halafu nimalize maana nasikia watoto wa madrasa wanatoka. Usifikiri kwamba nikimtazama Musafiri namsahau baba yako. Nilidhani hivyo mimi pia, siku za kwanza, nikawa nafurahi kwa kuibia. Sasa nakiona kile kifuniko kwenye bomba jipya, kimepigwa na mmoja na kusuguliwa na mwingine, na sioni aibu yoyote. Nilipendwa na mtu asiyesema, na sasa napendwa na mtu anayeuliza. Nimekula pande zote mbili za chungu.

Jana ulipoijaribu, nilidhani utaizungusha peke yako. Ulikaa, ukaiwasha, mlio ukawa mzito na laini, hautoki pembeni. Ukavaa kofia. Kisha ukamwambia bila kugeuza kichwa, "Mzee, panda. Nataka kuisikia ikiwa na mzigo."

Musafiri akanitazama. Mwanaume mzima, ndevu zimeingia mvi, abebwe na mwanamke mbele ya mtaa wote. Akakunja kanzu, akapanda. Kwenye kona vijana wa pikipiki wakapiga miluzi, na mmoja akasema, "Mzee, leo umebebwa na bibi?"

Nilimsikia anajibu, maana ulikuwa umepunguza mwendo kwa ajili ya shimo. "Niko nabebwa na muuguzi. Wewe siku ukivunjika mguu, utabebwa na nani?"

Wakacheka wote, na yule kijana zaidi. Mkaenda mpaka darajani. Mlikaa huko muda mrefu kuliko muda unaohitajika kusikiliza bomba. Hamkuniambia mlizungumza nini, na nimejifunza, sikuuliza. Mliporudi ulipaki, ukamwambia, "Shingo haivuji," akasema, "Ya nyuma nayo haipigi kelele," mkaingia kula. Ulimpa wewe mwenyewe kipande cha samaki cha kichwa. Na asubuhi ya leo ukaniomba kamba za kufungia mizigo, nikajua unakwenda na pikipiki yako.

Sikuombi umwite baba. Yeye pia haombi. Tulipozungumza alisema, "Baba yake iko. Namuona kila siku kwenye ile bomba." Mwite unavyotaka.

Nakuomba kitu kimoja tu, na ni cha kazi. Bomba jipya hulegea baada ya safari ya kwanza, chuma kikiisha kupata moto na kupoa. Yeye ndiye aliyenieleza, na kabla ya kwenda msikitini alikuwa ananizunguka akitaka nikukumbushe, lakini anaogopa utamwona anakufundisha pikipiki yako. Kwa hiyo ukifika Wamaza, iache ipoe kabisa. Kisha shika spana, kaza tena nati za mbele, huku kidogo, kule kidogo, bila kuvuta. Ukimaliza, tafuta pale watu wa kule wanapopata mtandao.

Simu ya kwanza usinipigie mimi. Mpigie yeye, umwambie nati zimekazwa. Mimi nitakuwa nimekaa karibu naye, nitasikia.

Mama yako,
Zaina